Damu Nyepesi

Selestini hajawahi kushindwa na injini. Ulyankulu nzima wanalijua hilo, hata wale anaowatukana. Unampelekea pikipiki imezima toka juzi, mafundi watatu wameshaichokonoa, yeye wala haulizi. Anapiga kiki, anainama, anatega sikio kwenye silinda, anakwambia, "Valvu inagonga. Nani alikufungulia hapa? Huyo siyo fundi, ni mchunga ng'ombe." Halafu anafungua. Nusu saa tu, unaondoka unapiga honi.

Shule aliishia la saba. Hasira alitoka nayo tumboni mwa mama yake. Ukimletea spea feki anairusha barabarani. Ukimharakisha anakusukumia boksi la spana, anakwambia jifungulie mwenyewe. Wateja wanarudi tu, watafanyaje, sikio lile mafundi wengine hawana.

Mtu mmoja ndiye aliyekuwa anamuweza, mama yake, Rustika. Na hakumuweza kwa kelele. Selestini akianza kuwaka, yule mama alikuwa anaendelea kumenya viazi vyake, kimya, anamwacha aungurume mpaka aishiwe. Akiona mabega yameshuka anauliza, "Umepoa?" Akijibiwa nimepoa, ndipo anasema lake, na likishasemwa limesemwa.

Rustika aliingia Ulyankulu akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka sabini na mbili, wazazi wake wakikimbia mauaji ya Burundi. Amekulia hapo, kalima tumbaku hapo, kaimba kwaya ya parokia hapo. Utotoni aliumwa koo, likapoa lenyewe, watu wakasahau. Koo halikumsahau. Miaka arobaini baadaye akawa hawezi kutembea kutoka bani la kukaushia tumbaku mpaka nyumbani bila kukaa chini mara mbili, na madaktari wakasema lile koo la zamani ndilo liliunguza valvu ya moyo. Wakampeleka Dar es Salaam, wakampasua, wakamtia valvu ya chuma.

Aliporudi ndipo wakagundua kwamba inasikika. Nyumba ikitulia unaisikia kabisa, tk, tk, tk, kama saa ya ukutani iliyomezwa na mtu. Kanisani baada ya komunyo, watu wakiwa kimya, benchi la nyuma lote linaisikia. Wenzake wa kwaya wakambatiza Mama Saa.

"Mama Saa, saa ngapi saa hizi?"

"Saa ya wewe kufunga mdomo," Rustika anajibu, na benchi zima linacheka kimyakimya, mabega yanatikisika.

Selestini siku ya kwanza aliisikia, nywele zikamsimama. Kwake yeye valvu inayogonga ni mbovu, ifunguliwe. Ilibidi daktari amweleze taratibu kwamba hii ya mama ni kinyume. Hii ikigonga ndiyo nzima. Ogopeni siku ikinyamaza.

Sasa chuma ndani ya mtu kina tabia moja. Damu ikipita kwenye chuma inataka kugandia. Ndiyo maana Rustika alipewa vidonge vya wafarini, kila jioni, maisha yake yote, vya kuizuia damu isigande. Na ndiyo maana kila mwezi alitakiwa aende Tabora mjini, atolewe damu kwenye kichupa chenye kifuniko cha buluu, iingizwe kwenye mashine, wapime inachukua muda gani kuganda. Mashine inatoa namba. Namba ya mama ilitakiwa iwe kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Ikishuka, damu inagandia valvu, valvu inakwama. Ikipanda sana, damu inavuja na haizuiliki. Miaka minne alikuwa anatembea katikati hapo, na Selestini ndiye aliyekuwa anampeleka.

Mwezi wa tatu walienda kama kawaida. Rustika akakaa kwenye benchi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Selestini akaenda dirishani kuchukua majibu. Mle dirishani yuko mzee mmoja wa maabara, Kasimiri, amebakiza mwaka astaafu, miwani yake imefungwa na uzi.

"Shikamoo."

"Marahaba, fundi. Mama hajambo? Namba yake leo ni nne na nusu. Damu imekuwa nyepesi."

"Nyepesi?"

"Nyepesi. Mpelekee daktari hii karatasi, atakata dozi."

Nyuma kuna foleni ya watu thelathini. Kasimiri akaita jina linalofuata. Kule ndani Daktari Agnetha, dada mmoja mpole lakini ana mbio, akaandika waanze nusu kidonge na warudi baada ya wiki mbili.

Njia nzima ya kurudi Selestini alikuwa na lile neno kichwani. Nyepesi. Muulize fundi yeyote wa pikipiki oili nyepesi maana yake nini. Maana yake imeungua. Imechoka, haishiki tena chuma, na usipoiwahi unakuja kuokota injini vipande. Oili ikiwa nyepesi unaimwaga, unaweka nzito. Damu huwezi kumwaga, lakini kuongeza unaweza. Nani asiyejua chakula cha mtu aliyepungukiwa damu? Matembele, kisamvu, mchicha, bitiruti. Kila aliyejifungua pale Ulyankulu analishwa hivyo.

Basi toka siku ile hakufika kwa mama yake mikono mitupu. Anakuja na fungu la matembele kalifunga nyuma ya siti. Kesho kisamvu, ambacho nyumbani kwao wanaita isombe, anamshushia dada yake Jeska, anamwambia twanga, tia karanga, mama ale mchana na jioni.

Rustika aliangalia lile bakuli la kwanza, akasema, "Mwanangu, sista wa hospitali kule Dar aliniambia hizi mboga..."

"Mama, nani alikuwa dirishani? Mimi au wewe?"

"Wewe."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Damu imekuwa nyepesi. Unataka mpaka wakuongezee ya chupa? Kula."

Rustika akanyamaza, akamsubiri apoe. Simu ya Selestini ikaita, kuna mteja kijiweni, akatoka bado anaunguruma. Aliporudi bakuli lilikuwa jeupe. Akafurahi. Akamsifu Jeska.

Wiki mbili zikaisha, wakaenda Tabora. Kasimiri akatikisa kichwa. Vitendanishi vimeisha. Ile mashine bila hiyo dawa yake ya kupimia ni boksi tu. "Rudini wiki ijayo." Wiki ijayo mvua ilikata barabara. Iliyofuata wakafika, bado. "Mzigo uko njiani," akasema Kasimiri, na uso wake ulionyesha kwamba hata yeye hiyo njia haijui. Daktari hana namba, hawezi kurudisha dozi wala kuipunguza zaidi, akasema endeleeni hivyo hivyo, msikose kuja. Selestini alirudi na hasira ambayo hana wa kumpa. Akapitia sokoni, akanunua matembele mafungu mawili.

Ndivyo alivyo. Akikosa la kufanya anafanya chochote.

Wiki ya sita, asubuhi, alipita kwa mama yake kunywa chai kabla ya kazi. Akaingia, akasalimia, akavuta kigoda. Rustika alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, midomo imebadilika rangi kidogo, anapumua kama aliyepanda mlima. Jeska yuko nje anachota maji. Kimya. Selestini akapeleka kikombe mdomoni, na kikombe kikaishia hewani.

Ile saa haipigi.

Akakiweka chini. Akasogea, akainama, akatega sikio kifuani kwa mama yake kama alivyozoea kwenye silinda. Ilikuwepo. Lakini ile tk ya chuma kwa chuma haikuwepo tena. Ilikuwa dp, dp, kama kitu kimevikwa soksi.

"Toka lini?"

"Juzi. Au juzi kule. Nilidhani nimezoea kuisikia."

Akakodi Noah. Njia nzima vumbi, Jeska amemshika mama kwa nyuma, Selestini mbele anamtukana dereva kwenye kila shimo. Rustika alikuwa anaiweka pumzi kwa ajili ya kupumua.

Daktari Agnetha aliweka kile kipimo chake kifuani, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena. Mbio zake zote zikaisha.

"Kaka, njoo hapa pembeni," akasema. "Nadhani valvu imeanza kugandiwa. Ipo sindano ya kuzuia, ninayo kabatini. Lakini mara ya mwisho mama namba yake ilikuwa nne na nusu, juu. Kama bado iko juu na mimi nikampiga hii sindano, atavuja damu kichwani, nitakuwa nimemuua mimi. Na kama iko chini na nisipompiga, valvu inakwama. Naihitaji namba."

"Si mpime."

Daktari akatazama kule dirishani kwa Kasimiri. Selestini akawa ameshaelewa.

Alikwenda dirishani akiwa amekunja ngumi. Akaruka foleni nzima, wazee, kina mama wenye watoto, wote.

"Namba ya mama yangu."

"Fundi, vitendanishi bado."

Akapiga fremu ya dirisha. Akapiga tena, kioo kikacheza. Akasema maneno yaliyofanya mabinti wa mafunzo mle ndani waangalie chini. Hospitali kubwa namna hii, akasema, mnashindwa na kichupa. Mnakaa mnakunywa chai, mama zetu wanakufa kwenye benchi. Mlinzi akaanza kusogea.

Kasimiri akamwonyesha mlinzi kwa mkono kwamba amwache. "Piga, fundi," akasema. "Piga mpaka uridhike. Ukimaliza, kitendanishi kitakuwa bado hakipo, na mimi nitakuwa bado nipo."

Na ngumi ikamfungukia yenyewe. Unampiga nani? Mzigo uko njiani. Njia haina uso. Maabara ya binafsi mjini nao wanatuma damu Mwanza, majibu siku tatu. Akaegemea ukuta, jasho linamtoka, mikono inaning'inia kama ya mtu aliyeibiwa.

Kasimiri akatoka nje kwa mlango wa pembeni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ipo njia ya zamani," akasema kwa sauti ya chini. "Nilifundishwa kijana. Siyo kipimo cha dawa hii, vitabu vinakikataa, na daktari hawezi kukiandika kwenye faili. Nafanya kwa sababu sina kingine. Unanielewa?"

"Fanya."

"Nitahitaji na damu yako."

Akamtoa Rustika damu, akaitia kwenye kichupa cha kioo kitupu, kisicho na dawa ndani. Akamtoa na Selestini, kichupa cha pili. Simu akaiweka mezani, saa inahesabu. Cha Selestini Kasimiri akakifumbata mwenyewe, cha Rustika akamwekea Selestini kwenye kiganja.

"Fumbata. Joto la mwili ndilo linatakiwa. Usitikise. Nikikuambia, unafungua, unakilaza taratibu kama unamlaza mtoto, unaangalia. Ikitiririka, unafumbata tena."

"Tunaangalia nini?"

"Wewe hunywi dawa, damu yako itaganda kwa kawaida yake. Ya mama anayekunywa wafarini inatakiwa ichelewe. Ikichelewa sana, iko nyepesi. Ikienda sawa na yako, dawa haipo kazini."

Dakika ya tatu. Laza. Ikatiririka.

Selestini mikono yake haijawahi kukaa kimya vile. Mikono ya grisi, yenye makovu ya mnyororo, imeshika kitu kidogo kuliko plagi, cha moto kutoka kwa mama yake. Dakika ya nne. Ikatiririka. Alikuwa anaiomba. Kimoyomoyo, yeye mtu wa kuruka misa, anaiomba damu, endelea kukimbia, usisimame, kimbia mama.

"Mwezi huu mama amekula nini?" Kasimiri akauliza, macho kwenye simu.

"Chakula kizuri. Hilo nimesimamia mwenyewe." Alijibu kwa haraka, karibu kwa fahari. "Ulivyoniambia damu nyepesi, nimemlisha matembele kila siku. Isombe. Mchicha. Mara mbili kwa siku, hajakosa."

Dakika ya tano ikapita, Kasimiri hakusema laza. Ilibidi Selestini akilaze mwenyewe. Ikatiririka, lakini kwa uvivu.

"Mzee."

"Mboga za majani zinaipiga vita ile dawa," Kasimiri akasema taratibu. "Kidogo haina shida, mtu ale kiasi kile kile siku zote, dawa inazoea. Ukizidisha ghafla, dawa inashindwa. Na sisi tulikuwa tumeipunguza nusu."

"Ulisema nyepesi."

"Nilisema."

"Ulisema damu imekuwa nyepesi. Mimi nikaongeza. Nyepesi si ndiyo mbaya?"

"Nyepesi ndiyo tulikuwa tunaitaka, fundi. Ilizidi kidogo tu." Mzee alikuwa anaangalia kiganja chake. "Nilitakiwa nikueleze. Kulikuwa na foleni."

Selestini alitafuta hasira. Ndiyo kitu pekee ambacho hakijawahi kumpungukia maishani, na sasa aliitafuta kote asiione. Alimwona tu mama yake na bakuli mbele yake, anasema sista wa Dar aliniambia.

Dakika sita na nusu. Akafungua kiganja, akalaza kichupa.

Haikutiririka. Akakilaza zaidi, akakipindua kabisa, mdomo chini. Damu ilikaa pale pale juu, imeshika, nyekundu, kama jeli ya dukani.

Kasimiri akalaza cha kwake. Damu ya Selestini ilikuwa bado inatembea. Iliganda dakika ya nane.

"Nenda kamwambie Agnetha ampige sindano," mzee akasema. "Mwambie nimesema mimi. Akitaka kunigombeza atanikuta hapa hapa."

Daktari alimpiga sindano. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, labda sala. Akaandika rufaa ya Mwanza, kwenye kipimo cha namba, na mashine ya kuangalia moyo, na watu wa kufungua kifua kama ikibidi. Gari la wagonjwa likapatikana saa saba mchana. Nafasi ya ndugu moja. Jeska akashuka, akabaki uwanjani ameshika kanga ya mama.

Dereva alikuwa mtu mzima anaitwa Alois, wa maneno machache. Muuguzi akakaa mbele na vifaa vyake vya dripu, kila mara anageuka kuchungulia kwenye kidirisha. Nyuma Rustika kalazwa kichwa juu, mrija wa hewa puani, na Selestini kakaa kwenye kibenchi, magoti yanagusa kitanda. Gari linaunguruma kiasi kwamba huwezi kusikia hata unachofikiri.

Wakiwa njiani, pale Lusu, tairi la nyuma likapasuka.

Alois akazima gari. Kabla hajafungua mlango Selestini alikuwa ameshateremka, jeki mkononi. Hakumtukana mtu. Alifungua nati kwa zamu, akavua tairi, akavika la akiba, akakaza. Dakika nane. Alois alisimama tu na tochi ambayo haikuwa na kazi mchana ule. Siku nzima hicho kilikuwa kitu cha kwanza kuitii mikono yake.

Akapanda nyuma. Rustika alikuwa amefumbua macho.

"Umepoa?" akauliza. Sauti ilikuwa hewa tupu.

"Nimepoa, mama."

"Zile mboga..."

"Najua. Ungeniambia."

"Nilikuwa nasubiri upoe." Akavuta pumzi, moja, mbili, ya tatu ikatosha. "Halafu nikaona unapata la kufanya. Ulikuwa unakuja kila siku."

Rustika akagusa mkono wa mwanawe wenye vumbi la tairi.

"Jeska alitia karanga nyingi," akasema. "Zilikuwa tamu."

Gari limezimwa, mashamba yamenyamaza, kimya cha kwanza toka asubuhi. Selestini akainama, akaweka sikio kifuani kwa mama yake. Akasikia tk. Akashika pumzi. Tk. Tk. Ya chuma kabisa, kali, ile ya zamani. Halafu akaijua. Miaka kumi anaisikia kijiweni kila siku. Ni ekzosi, lile bomba la moshi chini ya sakafu ya gari, inapoa.

Ngoja ipoe, akajiambia. Ikimaliza kupoa nitasikia ya kwake. Akabonyeza sikio zaidi kwenye shuka. Tk, ikasema ekzosi. Na nyuma yake, mbali, kulikuwa na kitu kingine, au hakikuwepo.

"Fundi," Alois akaita kutoka mbele. "Twende?"

Alitaka kumwambia asubiri. Dakika mbili tu, chuma kipoe, nijue. Lakini muuguzi alikuwa anaangalia saa yake, na Mwanza bado mbali.

"Twende," akasema.

Alois akawasha. Mngurumo ukafunika kila kitu, na Selestini akabaki vile vile, kichwa kifuani kwa mama yake, anatega.